Ekiru, Nimeipindua Mashua Yako

Ekiru, ndugu yangu,

Akai mke wako amesema Jumapili tukija kuweka saruji kaburini kwako, kila aliyekuwa rafiki atasema neno. Mimi unanijua. Nikisimama mbele ya watu nitachekesha, padri atacheka, hata punda wa kubeba maji atacheka, na lile nililotaka kukuambia litabaki tumboni. Kwa hivyo nimeketi kwa kabini ya lori, injini imezimwa, nimechana karatasi kwa daftari ya binti yangu, naandika. Mwandiko ni ule ule wa darasa la sita. Hakuna mwingine ulioongezwa tangu siku mwalimu aliponiambia nichague kati ya shule na kuruka ukuta. Nilichagua ukuta, nao ukanifikisha Moyale, Juba, Kampala na Mombasa. Kuna wenye digrii hapa Isiolo ambao mwisho wao ni Meru.

Habari yenyewe ni hii. Mashua yako ilikuwa ikatwe. Mapipa wapewe akina mama ya kuwekea maji, mbao ziwe kuni, na bwawa la Burat lirudi kuwa la mbuzi na ngamia peke yao. Na aliyekaribia kuimaliza kabisa ni mimi. Afadhali uisikie kwangu kwanza, kwa sababu Jumapili Lokwang naye atasema neno, na yule kijana anaongeza chumvi.

Ulituacha wakati wa kiangazi, bwawa likiwa limebaki tope la kukanyagwa. Mvua ilikuja wiki tatu baada ya kukuzika. Ilikuja kama yule jamaa wa mbali anayechelewa mazishi halafu analia kuliko wenye msiba. Siku nne, mchana na usiku. Bwawa sasa limejaa mpaka kwa ule ukingo wa juu uliokuwa unanionyesha, ukisema siku moja maji yatafika hapo, nami nakujibu labda nikojoe mimi. Yamefika, Ekiru. Nilienda nikasimama pale ukingoni peke yangu na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba ulikuwa umesema kweli.

Unakumbuka wazimu huu ulianzia wapi? Mimi nakumbuka mpaka kikombe. Tulikuwa kwa kibanda cha chai karibu na karakana ulikokuwa unachomelea milango ya watu. Upepo ulikuwa ule wetu wa Isiolo, unaokupa chai na mchanga bila kuitisha kitu. Ukafunika kikombe kwa kiganja ukasema, "Huu upepo wote unapotea bure." Ndipo ukaanza kunipa habari za Kalokol, za ziwa kwenu, za baba yako aliyekuwa anashona tanga kwa magunia na kwenda mbali hadi ardhi inapotea. Sikukubali kushindwa na mtu wa ziwa. Nikakuambia Mombasa nilikuwa baharia, chombo chetu kilikuwa na tanga kubwa kama uwanja wa mpira. Ukaniangalia sana. Ukauliza, "Na kamba ya tanga mlikuwa mnashikia upande gani?" Nikasema, "Pande zote." Hukucheka. Ulikunywa chai yako yote, ukapangusa mdomo, ukasema sawa.

Baada ya hapo ukaanza kuokota mapipa ya bluu. Watu walidhani umeanza biashara ya kuuza maji. Ukayafunga sita, matatu kila upande, juu ukapigilia mbao, katikati ukasimamisha mlingoti wa mkaratusi. Hapo kulibaki tanga. Na sikuulizwa. Nilikuwa Laisamis, nimebeba sukari, wingu likapasuka, nikapanda juu nikiwa na raha yangu kuvuta turubai, nikapata nusu. Nusu, Ekiru. Imekatwa kwa mkasi, imenyooka kama suti ya bwana arusi. Sukari ilikuwa uji. Nilirudi Isiolo nikiwa na maneno ya kuua mtu, nikakupata bwawani umetundika turubai langu, na jina la lori langu linasomeka juu ya maji. Nikasahau maneno yote. Nikasema, "Umeikata vibaya upande huu."

Wale vijana uliwatoa wapi, mimi sijui. Wa Kiborana walikuwa wananywesha upande wa birika la mifugo, wa Kiturkana upande wa boma la miiba, na walikuwa wanajuana kwa mawe tu. Wewe ulikaa katikati ukisukuma mapipa majini, hukumwita mtu. Siku ya tatu walikuwa wamekuja wenyewe kukuuliza unafanya nini. Ukawaambia, anayetaka kupanda apande, lakini hakuna anayepanda na ndugu yake. Ndivyo Halima, binti wa mtu wa ngamia, alivyokaa kando ya Lokwang, ambaye kaka yake na kaka wa Halima walikuwa wamewahi kutoana damu palepale. Walikaa kama watu waliopakiwa na polisi. Hakuna aliyeongea mpaka mashua ilipoondoka ardhini na wote wawili wakashtuka pamoja.

Na ile siku ya kwanza ya upepo wa kweli? Naicheka mpaka leo. Uliwapa kamba ya tanga, ukawaambia upepo ukisukuma sana, achilieni. Upepo ukaja. Wakavuta. Wote, kwa nguvu zao zote, meno nje. Mashua ikalala ubavu na kila mtu akaenda majini na zile jerikeni mbili tupu za mafuta ya kupikia ulizowafunga kifuani ili waelee. Mara ya pili, wakavuta. Mara ya tatu, wakavuta. Ulinijia ukiwa unatiririka maji, ukaniuliza hawa watoto wana nini. Mimi ndiye niliyekuelezea, naiona kama leo. Nilikuambia hawa wamelelewa na kamba. Mtoto wa huku akipewa kamba ya ngamia au ya fahali, anafundishwa jambo moja: usiachilie. Akivutwa, avutwe. Akiburutwa kwa miiba, aburutwe nayo mkononi. Aliyeachilia anaimbiwa na wasichana mpaka azeeke. Sasa wewe unawaambia kushinda ni kuachilia, nani atakusikia?

Ulirudi kwa mashua. Halafu ukang'oa mlingoti wote, ukauchimbia kwa uwanja mkavu, ukaleta beseni la Akai ukaligeuza juu chini. Kila kijana akae kwa beseni, ashike kamba, upepo ukipiga tanga afungue mkono. Siku nzima. Kazi ya siku nzima ilikuwa kufungua mkono. Wazee waliopita na mifugo walidhani ni mambo ya kanisa. Halima alilia kwa hasira kwa sababu kichwa kilikuwa kimeelewa na mkono umekataa. Ukachuchumaa mbele yake, ukamwambia, "Huyu si ngamia, binti yangu. Ukimwachilia hatoroki. Anakungoja." Jioni mkono ukafunguka wenyewe, akacheka peke yake pale juu ya beseni.

Mimi siku hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa kivuli cha lori na chai yangu, nawakosoa. Ukaniita, "Dereva, njoo nawe ukae." Nikakujibu beseni ni la kufulia nguo, mabaharia hawakalii. Kumbuka hilo jibu, kwa sababu ndilo lililonizamisha.

Sasa nifike kwa jambo.

Bwawa lilipojaa, vijana walikuja nyumbani kwangu wote tisa. Walitaka kurudi majini. Walisema wewe hupo lakini mimi nipo, na mimi ni mtu wa bahari. Halima ndiye alisema hivyo na hakuwa anacheka. Uongo wangu wa miaka mitatu ulikuwa umekuja mlangoni umevaa jerikeni.

Tukaenda kwa Mama Kaltuma, mwenyekiti wa kamati ya maji. Unajua macho yake. Akatuacha tuongee mpaka tukaisha. Halafu akasema yeye hana ubaya na mashua, lakini Ekiru alikuwa anaaminika na pande mbili, na Ekiru amekufa. Mtoto wa upande mmoja akizama, na usukani ulikuwa kwa mtoto wa upande mwingine, nani atawaambia wazee ilikuwa upepo? Watazikana hapa, alisema, na maji yenyewe tutayakosa wote. Kwa hivyo Jumamosi, mifugo ikishanywa, wazazi wote waje. Vijana wavuke mpaka kwa ule mti mkavu uliosimama ndani ya maji, wauzunguke, warudi wote wazima. Na ndani awe mtu mzima mmoja, wa kuulizwa. Wakishindwa, kesho yake mashua ikatwe.

Wakaniangalia mimi. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Jumamosi ikafika. Wazazi walikuja, wakakaa vile unavyojua, hawa kwa birika, wale kwa boma. Vijana wanne wakachaguliwa, Halima kwa kamba, Lokwang kwa usukani, na wengine wawili wa kusawazisha uzito. Kila mtu akafunga jerikeni zake. Zako zilikuwepo pia, Akai alizituma, zimefungwa na ule utepe mwekundu. Halima akanipa. Nikamwambia mtu wa bahari havai mitungi ya mafuta, watu wakacheka, nami nikapanda kifua wazi. Lakini wewe nakuambia ukweli. Nilizishika zile jerikeni, utepe ulikuwa bado na fundo lako, na sikuweza kulifungua.

Tulipofika katikati, na kila kitu kikienda vizuri, nikaona macho ya wazazi. Nikaona watasema mimi, Guyo, nilikaa tu kama gunia. Nikamwambia Halima, lete hiyo kamba, leo ni siku ya wazee. Akasita. Akasema kwa adabu, "Abba Guyo, wewe hukukaa kwa beseni." Nikachukua.

Vumbi lilionekana kwanza ng'ambo, halafu maji yakawa meusi yakitujia. Halima akasema, "Unakuja. Achilia." Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayana shida. Lakini kamba ilipokaza, mwili wangu ukakumbuka yule fahali wa soko la Oldonyiro aliyeniburuta kutoka lango mpaka kwa mizani, na sikumwachilia, na watu wakanisifu mwaka mzima. Nikaizungusha kwa mkono mara mbili. Nikakaza miguu. Nikavuta.

Ekiru, nilikuwa chini ya turubai langu mwenyewe. Giza, maji, na harufu ya dizeli na mbuzi. Nikadhani nimekufa na huko nilikopelekwa kuna mbuzi. Kamba ilikuwa imeninyonga mkono. Kisha vidole vidogo vikaja vikaifungua, mzunguko wa kwanza, wa pili, taratibu kama mtu anayefungua fundo la kanga. Ilikuwa Halima. Na nyuma yangu Lokwang akanishika kwapani, akaniambia kwa sikio, "Tulia, buda. Usinishike shingo. Lala na mgongo kama uko kwako." Nikalala kama niko kwangu.

Halafu nikasikia kitu kilichonivunja. Halima alikuwa anahesabu watu, kwa sauti, jina kwa jina, vile ulivyowafundisha, na kila mmoja anaitika. Alipofika kwa "Guyo," mimi sikuwa na sauti. Lokwang akaniitikia, "Yuko. Anakunywa maji."

Wawili wakasimama juu ya mapipa, wakavuta kwa uzito wao, mlingoti ukainuka. Wakanitupa juu ya mbao kama mbuzi wa sherehe. Halima akashika kamba yake. Nikafikiri tunarudi. Nilitamani turudi. Lakini Lokwang akasema, "Mama Kaltuma alisema mti," na Halima akasema, "Mti." Wakaenda kwa mti.

Na hapo, nikiwa nimelala kifudifudi, shavu kwa ubao, pua inatoa maji, nilikusikia. Si sauti yako, usiniletee mambo ya majini na mashetani. Nilisikia maji yakipita chini ya mapipa na ile mashua ikiinuka kidogo kila upepo ulipoipata, bila injini, bila gia, bila mtu kugombana nayo. Miaka ishirini naendesha lori, sijawahi kwenda mahali bila kelele. Nikaelewa ulichokuwa unakiangalia ulipokuwa unafunika kikombe.

Tuliporudi, wazazi hawakuwa tena kwa birika wala kwa boma. Wote walikuwa wamekimbilia mahali pamoja, pale matope yanapoanza. Mama yake Halima alikuwa ameukamata mkono wa mama yake Lokwang kwa nguvu, na sidhani hata mmoja alikuwa amejua ni wa nani. Mama Kaltuma akaingia majini na viatu. Akagusa vichwa vya vijana, mmoja mmoja, wanne. Kisha akaja kwangu.

"Guyo. Si ulituambia ulikuwa baharia?"

Nilikuwa na mzaha tayari. Nilikuwa niseme nimekunywa maji mengi, ngamia wa leo watalala na kiu. Ulikuwa mzuri, ungeupenda. Lakini niliwaona wale vijana wamesimama wanatetemeka kwa baridi, wakiningoja mimi niseme, kwa sababu wao walikuwa wamefanya kila kitu sawa na kosa lilikuwa linaenda kuwa lao. Nikasema sijui kuogelea. Nikasema Mombasa nilipakia mbuzi kwa meli moja, nikatapika ikiwa bado imefungwa, nikashuka, nikapanda lori. Nikasema msichana aliniambia niachilie na nilimsikia, na mashua haikupinduliwa na mtoto wa upande wowote, imepinduliwa na mimi.

Halafu mama mmoja wa upande wa boma akaanza kucheka, ile ya kuziba mdomo na leso, na ikaenda mpaka upande wa pili. Mama Kaltuma peke yake hakucheka. Akasema, "Tulitaka kuona mtu akianguka majini itakuwaje. Tumeona. Mashua ibaki. Huyu ashuke."

Hiyo ndiyo hukumu, ndugu yangu. Vijana wako wamepita, mimi nimefukuzwa. Siruhusiwi kukanyaga ubao wa mashua iliyobeba turubai langu mpaka nijue kuogelea.

Lakini wewe ulijua. Ile siku hospitali, kifua kilipokuwa kimekubana na unaongea kidogo kidogo, ulinishika kidole ukasema, "Guyo, wewe hujui kuogelea." Hukuuliza. Nikakuambia mimi nimeogelea Mombasa mpaka Zanzibar na nikarudi kwa sababu nilisahau kofia. Ulicheka mpaka ukakohoa, muuguzi akaja akanitoa nje. Nimejilaumu sana kwa ile kofia. Sikuingia tena ndani siku hiyo, na siku iliyofuata hukuwepo. Nilidhani nilikuharakisha. Akai ndiye ameniambia majuzi kwamba jioni ile ulikuwa unamrudia ile hadithi ya kofia, na ulitaka umsimulie kila mtu wa wodi. Basi lawama ile nimeiweka chini.

Sasa nimekuwa mwanafunzi. Kila Jumamosi wanyama wakitoka, Lokwang ananiingiza maji ya kiunoni, kijana wa miaka kumi na nane anamshika mtu mzima tumbo na kumwambia apige miguu. Watoto wadogo wanakuja kutazama na mahindi ya kuchoma. Ejoka, buda, wananisalimia, nami najibu aleikum salaam na maji puani. Nimefikia mapigo kumi na mawili kabla sijazama. Hapa mjini nimewaambia ishirini.

Na Akai. Tangu ufe alikuwa hataki kuiona mashua. Alikuwa anapitia njia ya nyuma akienda dukani. Jumamosi iliyopita alikuja bila kuitwa, akafunga jerikeni zako kifuani, fundo akalifungua na kulifunga tena kama si kitu, akamwambia Halima ampeleke. Mimi nilibaki ukingoni, kwa sheria. Nilimwona ameketi mbele, ameshusha mkono, maji yanapita kati ya vidole. Walizunguka mti polepole. Aliposhuka alikamua upindo wa gauni, akaniambia tu, "Kumbe ndivyo alikuwa anaona." Akaenda zake, na alipita njia ya mbele.

Kutoka Oldonyiro wanakuja vijana sita mwezi ujao. Hawajawahi kuona maji mapana kuliko birika. Halima ameshachimbia mlingoti uwanjani.

Nakuahidi haya, na haya hayana mzaha. Kila siku ambayo mashua itakuwa majini, nitakuwa pale ukingoni, lori limezimwa, nikihesabu vichwa mpaka vyote virudi. Sitasema najua nisichokijua kwa mtoto yeyote. Na nitajifunza kuogelea hata kama mvi zote zitanikuta.

Pumzika, Ekiru wa Kalokol. Mungu wako na Mungu wangu wakuangalie vizuri, najua hawatagombana juu yako. Barua hii nitaiweka chini ya saruji kabla haijakauka, ili Lokwang asiisome.

Ni mimi Guyo wako, dereva.